Kutafuta Mada na Kumpata Msomaji: Mwongozo kwa Waandishi wa Makala

Mwongozo huu ni wa watu wanaolazimika kuandika kila wiki: mwandishi wa safu gazetini, ofisa habari wa halmashauri, mhariri wa jarida la chama cha ushirika, na yule anayejitegemea ambaye makala zake husomwa kwenye simu. Shida yao ni moja. Wiki za mwanzo mada zinajaa hadi zinagombana. Ikifika mwezi wa tatu zimekauka, na mtu anaanza kuandika upya alichokisoma jana kwa mwenzake. Msomaji hachelewi kugundua.

Msimamo unaoshikiliwa hapa ni kwamba mada mpya haitoki kwenye maandishi ya waandishi wengine. Hutoka sehemu mbili: kwenye maswali wanayouliza watu wenye jambo la kuamua, na kwenye nyaraka za umma ambazo wengi hawazifungui. Kumpata msomaji nako kunaanzia hapohapo, kabla ya kuwaza kichwa cha habari. Aliyekuja kwa sababu ulijibu swali lake atarudi. Aliyekuja kwa sababu ya kelele huja mara moja.

Maswali yanakoulizwa

Kila mahali panapohudumia watu pana mtu anayeulizwa jambo lilelile kutwa nzima: karani wa mapokezi hospitalini, wakala wa fedha za simu, muuzaji wa duka la pembejeo, mfamasia, mtendaji wa mtaa. Mwandishi amwendee na kumuuliza, "Wiki hii watu wanakuuliza nini zaidi?" Swali hilo lina faida kuliko kikao kizima cha kupanga mada. Wakala atakwambia habari za waliokosea namba wakatuma fedha kwa mtu wasiyemjua, na sasa wanataka kujua zinarudishwaje. Muuza pembejeo atakwambia wakulima wanaulizia mbegu inayokomaa mapema kwa kuwa mvua zimechelewa. Hizo ni makala mbili tayari, na kila moja ina msomaji anayeisubiri.

Vijiwe vina faida yake pia, ila vinataka sikio lililofunzwa. Ukikaa kwenye kijiwe cha kahawa, uwe Jaws Corner pale Mji Mkongwe wa Zanzibar au kwenye benchi la bodaboda mtaani kwako, utasikia maoni mengi. Yaache yapite, maoni kila mtu anayo ya kwake. Sikiliza pale watu wawili wanapobishana juu ya jambo lenye jibu. Je, mwenye nyumba anaweza kudai kodi ya miezi sita kwa mkupuo? Je, mfanyakazi wa mkataba wa muda ana haki ya likizo yenye malipo? Ubishi wa namna hiyo humalizwa na sheria au takwimu, na kazi ya kuitafuta sheria hiyo ndiyo hasa kazi yako. Usiende na daftari mkononi, maana mazungumzo yatakatika ukifika. Na jina la mtu aliyejizungumzia kijiweni lisionekane kwenye makala bila ridhaa yake. Alikuwa anakunywa kahawa, hakuwa anahojiwa.

Intaneti nayo ni kijiwe. Andika maneno ya mwanzo kwenye Google, kwa mfano "jinsi ya kupata" au "dalili za", kisha usimalizie. Orodha inayojitokeza chini imetokana na mambo ambayo watu wametafuta kweli, na mara nyingi kwa tahajia yao wenyewe. Google Trends inakuwezesha kuchagua nchi, Tanzania au Kenya, na kulinganisha maneno mawili ili kuona lipi linatafutwa zaidi na katika miezi ipi. Itumie kupima mada uliyokwisha kuipata. Anayeitumia kutafutia mada ataishia kuandika kila siku juu ya mpira na matokeo ya mitihani, kama wanavyofanya wote.

Neno moja kuhusu programu za akili mnemba. Ukiziomba mada ishirini zitakupa ishirini kwa sekunde chache. Tatizo ni kwamba mwenzako akiomba atapewa karibu zilezile, na hakuna hata moja iliyotoka kwa mtendaji wa mtaa wako. Zitakufaa kwa kupanga ulichokikusanya. Kukusanya ni kwa miguu.

Yote unayoyapata yaandike kwenye daftari moja, kwa maneno ya aliyeuliza, pamoja na mahali na tarehe. Usiandike "kilimo". Kilimo si mada, ni wizara. Andika: "Mama wa sokoni anauliza kwa nini nyanya ziliozea njiani msimu huu na si msimu uliopita." Swali likiandikwa hivyo linajua lenyewe pa kuanzia, nani wa kuhojiwa na wapi pa kuishia. Likifupishwa kuwa neno moja, baada ya wiki mbili hutakumbuka lilikuwa linataka nini.

Nyaraka ambazo hazifunguliwi

Hapa ndipo penye utajiri, na ndipo wengi wanapopita bila kusimama.

Chukua bei za mafuta. Tanzania, Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi. Kenya, mamlaka ya nishati na petroli, EPRA, hutangaza tarehe 14. Siku hiyo kila chombo kinaandika habari ileile: petroli imepanda kwa shilingi kadhaa, au imeshuka. Ukiandika nawe umechelewa, kwa kuwa msomaji ameshaona kwenye simu yake. Lakini tangazo la EWURA halina bei moja. Lina bei za mafuta yanayopokelewa katika bandari za Dar es Salaam, Tanga na Mtwara, na kisha jedwali refu la miji na wilaya, kila moja na bei yake, kwa sababu gharama ya kusafirisha inaongezwa kadiri unavyokwenda mbali na bandari. Soma jedwali hilo mstari kwa mstari. Dereva wa bodaboda wa Bukoba ananunua lita kwa bei iliyo juu kuliko mwenzake wa Temeke. Je, nauli anayotoza imepishana kwa kiasi hichohicho? Nani anabeba tofauti, yeye au abiria? Mwenye duka la jumla anayeleta sukari kwa lori anaihesabuje? Tangazo moja la kurasa chache, ambalo mamia ya watu wamenakili aya yake ya kwanza tu, lina makala tatu ambazo hakuna aliyeziandika. Mwezi unaofuata linatoka jingine.

Fanya hivyohivyo na Sensa ya 2022. Wengi wanakumbuka kwamba Tanzania ilihesabiwa watu 61,741,120, na hapo ndipo wanapoishia. Ofisi ya Taifa ya Takwimu ilitoa pia idadi ya watu kata kwa kata. Sera ya afya inalenga zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Weka namba ya kata yako kando ya lengo hilo, halafu nenda ukahesabu majengo kwa macho yako. Ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hukabidhiwa kwa Rais mwishoni mwa Machi na kufikishwa bungeni Aprili. Wanahabari huikimbilia kwa yale mabilioni yaliyopotea ngazi ya taifa, wakati sehemu ya serikali za mitaa inazitaja halmashauri kwa majina. Kenya, gazeti rasmi la serikali hutoka kila Ijumaa likiwa na matangazo ya ardhi, mirathi na uteuzi. Linachosha kulisoma, nakiri, na hiyo ndiyo sababu lina mada ambazo wengine hawana.

Waraka usipokuwepo hadharani, uombe. Tanzania ina Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inayoitaka ofisi ya umma ijibu ndani ya siku 30. Kenya ina sheria yake ya mwaka huohuo, yenye muda wa siku 21. Andika barua fupi, taja waraka unaoutaka kwa jina na kipindi chake, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokewa. Ofisi isipojibu, kimya hicho chenyewe kina tarehe na kinaandikika.

Kuna chanzo kingine kisichogharimu kitu: ahadi za zamani. Fungua magazeti ya mwaka jana na mwaka juzi, mwezi huuhuu, uangalie nani aliahidi daraja, kisima au bweni. Kisha nenda. Daraja likiwa limejengwa ni habari, lisipokuwepo ni habari.

Kalenda ya msomaji

Makala nzuri iliyotoka wakati usiofaa haisomwi. Wazazi wanahitaji makala ya ada na sare Desemba, wakati bado wana fedha ya kupanga. Ikitoka Januari 20 ni rambirambi. Mkulima wa maeneo yenye mvua mbili anataka kusoma habari za mbegu kabla ya Masika ya Machi hadi Mei na kabla ya Vuli ya Oktoba hadi Desemba, na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa mwelekeo wa mvua kabla ya kila msimu. Bajeti husomwa Juni na mwaka wa fedha huanza Julai 1, kwa hiyo mfanyabiashara mdogo anataka kuelezwa kodi mpya katika wiki zile za katikati. Panga kalenda hii kwa mwaka mzima, ukiweka na mwezi wa Ramadhani, ambao huwahi kwa siku 10 au 11 kila mwaka, kisha hesabu wiki tatu nyuma kwa kila tarehe. Hizo ndizo siku zako za kuanza kazi.

Kichwa na aya ya kwanza

Asubuhi katika miji yetu watu husimama mbele ya meza ya muuza magazeti, wakasoma vichwa vya habari vyote, kisha wakaenda zao bila kununua. Simu imehamishia tabia hiyo mkononi. Kichwa ndicho pekee ambacho wengi watakisoma, basi na kiwe na kitu ndani. "Changamoto za Usafiri Vijijini" hakisemi kitu. "Kwa nini nauli ya Bukoba haikushuka petroli iliposhuka" kinasema kuna swali, kuna mahali, na kuna jibu linalokuja. Maneno kama "Hutaamini!" na "Mshtuko!" yaachwe kwa magazeti ya udaku. Yanaleta watu, ndiyo, lakini msomaji aliyedanganywa mara mbili hufahamu jina lako na kulikwepa.

Aya ya kwanza ndiyo inayopoteza wengi. Waandishi wetu wamezoea kuanza na "Wito umetolewa kwa wananchi", "Imeelezwa kuwa", au "Katika dunia ya leo ya sayansi na teknolojia". Imeelezwa na nani? Wito umetolewa na nani, na wananchi wafanye nini kesho asubuhi? Futa aya hiyo yote. Mara nyingi utakuta makala yako inaanza vizuri kwenye aya ya pili, na kwamba ile ya kwanza ilikuwa ni ya kupasha koo moto. Sentensi ya mwanzo itaje mtu, mahali, kiasi au swali, na isizidi mistari miwili, kwa sababu makala ikisambazwa WhatsApp mistari michache ya juu ndiyo inayoonekana kabla ya msomaji kuamua kufungua iliyobaki.

Tumia maneno ambayo msomaji wako angeyatumia kuuliza. Tanzania watu wanaweka akiba kwenye vikoba; Kenya wanasema chama. Ukiandikia nchi zote mbili, taja yote mawili mapema, ama sivyo nusu ya wasomaji watadhani makala haiwahusu.

Kufikisha na kubakiza

Wasomaji wengi wananunua bando dogo. Picha nzito moja inaweza kuwafanya wafunge ukurasa, kwa hiyo ipunguze ukubwa au iache. Maandishi yako yatanakiliwa na kupelekwa kwenye makundi bila jina lako; weka jina na tarehe ndani ya maandishi yenyewe, mwanzoni au mwishoni. Kisha mrudishie makala yule aliyekupa swali. Mfamasia akiona swali la kaunta yake limejibiwa, ataituma kwa wateja wake na atakuwa na swali jingine utakapopita tena.

Jarida la Mambo Leo, lililoanzishwa na Idara ya Elimu ya Tanganyika mwaka 1923, lilichapisha barua na mashairi ya wasomaji wenyewe, na jina la mtu likitoka gazetini, kijiji kizima kilikuwa na sababu ya kulitafuta. Mbinu hiyo haijazeeka. Barua ya msomaji ijibiwe, na ikiwa na hoja nzuri ichapishwe kwa ridhaa yake. Ukikosea takwimu, sahihisha palepale na useme wazi kwamba umesahihisha. Ukiahidi kuandika kila Jumanne, andika kila Jumanne. Ukishindwa kila wiki, tangaza mara mbili kwa mwezi na uishike ahadi hiyo.

Kwa anayeanza leo, asiandike chochote wiki hii. Awaendee watu watano wanaokaa kaunta, awaulize swali lile moja, na ajaze kurasa mbili za kwanza za daftari. Kalamu ifuate wiki ijayo.