Mabaka ya mani planti yanapopotea

SWALI: Mani planti yangu ilikuwa na mabaka ya manjano. Mbona sasa inatoa majani ya kijani matupu?

JIBU: Mwanga hautoshi. Sehemu za manjano zina klorofili kidogo, hazitengenezi chakula kama za kijani. Gizani mmea huongeza kijani ili uishi. Usogeze karibu na dirisha, ila jua kali la mchana lisiupige, litaunguza mabaka. Kisha kata tawi lililogeuka, juu kidogo ya kifundo chenye jani la mabaka, maana chipukizi jipya litatoka hapo. Ukinunua mwingine, tazama shina: lenye michirizi ya manjano ndilo la kuchagua. Mwagilia udongo wa juu ukishakauka tu. Utundike mbali na watoto na paka, kwani majani yakitafunwa huwasha mdomo vibaya.