Kwa Nini Barabara Hubaki Imefungwa Hata Maji Yakishapungua
Somo la msimu wa mvua kwa wakazi wa Ikonge na maeneo jirani

Kila msimu wa masika swali moja huulizwa katika mabaraza na kwenye vituo vya bodaboda: "Maji yameisha, jua limetoka, mbona barabara bado imefungwa?"

Swali hili ni la haki, maana barabara ikifungwa kuna anayeumia. Majani chai mabichi yanatakiwa kufika kiwandani siku hiyo hiyo. Yakirundikwa kwenye magunia hupata joto na kuharibika, na jasho la mkulima hupotea. Mama mjamzito hulazimika kuzunguka mbali kufika hospitalini. Mhudumu wa bodaboda hukosa abiria, na mtoto wa shule hutafuta mahali pa kuruka kijito. Somo la toleo hili linaeleza maji hufanya nini chini ya barabara, kwa nini kizuizi huwekwa na kwa nini hakiondolewi siku ile ile mvua inapokatika.

Mvua yetu na vilima vyetu

Kaunti ya Nyamira hupata mvua ya kati ya milimita 1,200 na 2,100 kwa mwaka. Mvua hiyo ndiyo hustawisha chai, ndizi na mboga zetu. Lakini hebu tupige hesabu. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Alasiri moja ikinyesha milimita 50, shamba la ekari moja litakuwa limepokea zaidi ya lita 200,000. Hayo ni maji ya kujaza matangi 20 ya lita 10,000 kila moja, kutoka ekari moja tu.

Sehemu ya maji hayo huzama ardhini. Udongo ukishashiba, yanayobaki huteremka. Huku kwetu hakuna tambarare ya kuyapunguzia mwendo: hutoka mashambani hadi kwenye mitaro, mitaroni hadi kwenye vijito, na vijito huingia mitoni. Mto Gucha, unaoanzia katika nyanda hizi za juu, hupita Kisii na kuingia Migori, ambako huitwa Kuja, kisha humwaga maji yake katika Ziwa Victoria. Maji yasiyozuiwa huku juu huwafikia majirani wetu wa Nyatike yakiwa mafuriko.

Maji ya kufika magotini yana nguvu gani?

Wengi wetu hupima hatari kwa macho: maji yakionekana hayajafika magotini, tunavuka. Macho hudanganya. Mita moja ya mraba ya maji yenye kina cha sentimita 15 ina uzito wa kilo 150, na uzito huo unakimbia. Mwendo wa maji ukiongezeka mara mbili, nguvu yake ya kusukuma huongezeka mara nne. Ndiyo maana maji ya sentimita 15 yanayokwenda kasi yanaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 zinaweza kuinua gari dogo, na sentimita 60 huweza kusomba magari mengi, hata makubwa.

Pikipiki na baiskeli zina hatari ya ziada. Zina magurudumu mawili tu, na chini ya maji ya matope dereva haoni shimo wala ukingo wa barabara uliomegwa. Gurudumu la mbele likiingia shimoni, dereva, abiria na mzigo huanguka pamoja, tena upande ule maji yanakokwenda.

Nchi yetu imelipia somo hili kwa uhai. Tarehe 4 Desemba 2021, basi lililobeba wanakwaya na waumini waliokuwa wakielekea harusini lilijaribu kuvuka Mto Enziu karibu na Mwingi, Kaunti ya Kitui, wakati kivuko kilipokuwa kimefunikwa na maji. Lilisombwa, na zaidi ya watu 30 wakafariki.

Kalavati likiziba, barabara hugeuka bwawa

Barabara nyingi zetu hupita juu ya tuta la udongo, na chini ya tuta hilo hulazwa kalavati la kupitisha maji. Kalavati likiwa wazi, maji hupita na hakuna anayelikumbuka. Likizibwa na chupa za plastiki, migomba iliyokatwa, mabua ya mahindi au matawi ya mikaratusi, maji hujaa upande wa juu. Hapo tuta huanza kufanya kazi ya bwawa, kazi ambalo halikujengewa.

Maji yaliyozuiwa hutafuta njia, na njia zake ni mbili. Ya kwanza ni kupanda juu ya barabara na kumwagikia upande wa pili, huku yakimega ukingo kidogo kidogo hadi barabara yote ikatike. Ya pili haionekani: maji hupenya pembeni mwa kalavati, yakabeba udongo laini punje kwa punje, na kuacha uwazi ndani ya tuta. Juu, lami au changarawe hubaki imetulia kana kwamba hakuna lililotokea. Chini yake hakuna kitu.

Mfano mchungu zaidi ni wa Mai Mahiu, Kaunti ya Nakuru. Alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024, wakati wa mvua kubwa zilizoua zaidi ya watu 290 kote nchini, maji yalijaa nyuma ya tuta la reli kwa sababu njia ya kupitisha maji chini yake ilikuwa imezibwa na takataka za mafuriko. Tuta lilipasuka, na maji, matope na mawe vikateremkia watu waliokuwa wamelala. Mwanzoni ilisemekana kuwa bwawa limepasuka. Wizara ya Maji ilieleza baadaye kuwa lilikuwa ni tuta lililoziba.

Kwa nini tunangoja

Sasa turudi kwenye swali la barazani. Barabara hubaki imefungwa baada ya maji kupungua kwa sababu tatu.

Kwanza, uwazi ndani ya tuta hauonekani kwa kutazama juu. Ni lazima mhandisi au fundi ashuke chini, akague mdomo wa kalavati pande zote mbili, kuta za daraja na nguzo zake. Maji yanapokwenda kasi huchimba udongo chini ya nguzo. Daraja linaweza kusimama siku ya mafuriko na kuanguka siku ya tatu, lori la kwanza lenye mzigo linapopita.

Pili, udongo uliolowa hauna nguvu ya udongo mkavu. Lori likipita mapema mno, huchimba mitaro miwili ya magurudumu ambayo mvua inayofuata hugeuza kuwa mifereji. Ukarabati ambao ungechukua siku moja huwa wa wiki nzima, na gharama yake hutoka katika kodi yetu sote.

Tatu, mvua huenda haijaisha. Ikonge inaweza kuwa na jua huku vilimani kunanyesha, na maji hayo yakafika saa kadhaa baadaye.

Kazi ya nani?

Barabara zetu zina wasimamizi tofauti. Barabara kuu za kitaifa ziko chini ya KeNHA, KeRRA husimamia barabara za kitaifa za maeneo ya mashambani, nazo barabara za daraja la chini ziko mikononi mwa serikali ya kaunti. Mwananchi halazimiki kujua ramani yote hiyo. Ukiona kalavati limeziba au tuta limepasuka, mwarifu msimamizi wa wadi, chifu au naibu wake, ukitaja mahali kwa alama inayojulikana: shule, kanisa au kituo cha kununulia majani chai. Taarifa iliyofika kabla ya mvua huokoa barabara. Iliyofika baada ya mvua husaidia tu kuhesabu hasara.

Kuna kazi nyingine isiyohitaji mhandisi. Usielekeze mtaro wa shamba barabarani. Usitupe migomba na takataka mtaroni. Acha ukanda wa kando ya mto bila kulimwa. Kanuni za maji nchini zinataka nafasi ya kati ya mita 6 na 30 kulingana na upana wa mto. Panda nyasi ya nepia kwenye matuta ya shamba la mteremko ili maji yapungue mwendo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa kalavati ni ghali kuliko ufa wa mtaro.

Ukikuta njia imefungwa

1. Simama na urudi. Usiondoe matawi, mawe wala utepe uliowekwa kama kizuizi, hata kama umeona mwingine akipita.
2. Usivuke maji yanayokwenda kasi kwa miguu, baiskeli, pikipiki au gari, wala usimlipe mtu akuvushe mgongoni.
3. Usisimame juu ya daraja kutazama mto uliofurika.
4. Mwarifu aliye nyuma yako. Wahudumu wa bodaboda wapeane habari vituoni kabla ya kubeba abiria.
5. Mwanafunzi asivuke peke yake. Mzazi na mwalimu wakubaliane mapema mtoto atakaa wapi mvua ikikatiza njia.
6. Kukiwa na hatari kwa maisha, piga simu 999 au 112, au nambari ya bure ya Shirika la Msalaba Mwekundu, 1199.

Maswali ya kujadili katika baraza, kikundi au darasani

1. Taja makalavati matatu yaliyo karibu na nyumbani kwako. Ni lipi lilisafishwa mwisho, na lini?
2. Mvua ya milimita 30 ikinyesha juu ya paa la mita za mraba 60, ni lita ngapi zitateremka? Kwa sasa maji hayo huelekea wapi?
3. Kama njia ya kwenda hospitalini ingekatika leo usiku, kijiji chenu kingempitisha wapi mama mjamzito? Kubalianeni jibu moja, na kila nyumba ilijue kabla ya mvua inayofuata.