Kukopa Arusi, Kulipa Matanga: Somo Katika Mchezo wa Sinema



Wazee walisema, Kukopa arusi, kulipa matanga. Maana yake ni wazi: siku ya kupokea fedha ya mtu kuna vicheko na vigelegele, na siku ya kuirudisha nyumba hujaa huzuni. Mithali hii twaijua sote, tena twawafundisha watoto wetu. Lakini kuijua mithali ni jambo moja, na kuponywa nayo ni jambo jingine. Mwezi huu nataka tuitazame katika habari ya mtu mmoja, mwenye klabu ya usiku katika mji wa Los Angeles, Marekani. Mtu huyu hakupata kuishi duniani. Habari yake ilitungwa kwa ajili ya sinema. Lakini tabia yake yaonekana kila mahali, na pengine hata nyumbani mwetu.

Jina la mchezo huu ni The Killing of a Chinese Bookie, yaani Kuuawa kwa Mchina Apokeaye Fedha za Kamari. Ulitoka mwaka 1976. Nasema mapema kwamba si mchezo wa kuwaonyesha watoto, kwa kuwa klabu yenyewe ni ya ngoma za wanawake wasiovaa nguo, na ndani yake mna kuua. Asiyeutazama hapungukiwi na kitu. Lakini habari yake yafaa kusimuliwa, maana inatuonyesha jinsi mtu asiye mwovu kupita wengine anavyoweza kuuza nafsi yake hatua kwa hatua, huku akidhani kwamba anailinda kazi yake.

1. Habari yenyewe

Mwenye klabu huitwa Cosmo Vitelli, na aliyeigiza nafasi yake ni Ben Gazzara. Klabu yake ni ndogo, lakini yeye huiona kuwa kubwa. Yeye ndiye mwenye mali, tena ndiye atungaye michezo ya jukwaani, ndiye awapangaye wachezaji, ndiye awakaribishaye wageni. Anavaa vizuri, anasema kwa upole, na wasichana wanaocheza anawatendea kwa heshima kama watu wa nyumba moja. Hamu yake yote ni kuwa bwana mwenye nyumba yake, asiyeamriwa na mtu.

Mwanzo wa mchezo twamwona akimlipa mkopeshaji sehemu ya mwisho ya deni lake. Ameichukua fedha mkononi, ameitoa, na sasa klabu ni yake kabisa. Ni siku aliyoingojea kwa miaka. Je, afanye nini kwa furaha? Anakodi motakaa kubwa ya fahari pamoja na dereva, anawanunulia maua wasichana watatu wa klabu, anawapitia mmoja mmoja majumbani kwao, na wote wanakwenda kwenye nyumba ya kamari. Aliyemwalika huko ni mtu mmoja aitwaye Mort, ambaye alikuja kwanza klabuni kama mgeni mwema.

Usiku ule Cosmo alipoteza dola 23,000. Hakuwa nazo. Akapelekwa ofisini, akatia sahihi karatasi za deni. Basi asubuhi ile alikuwa mtu huru, na kabla ya asubuhi ya pili amekuwa mtu wa kudaiwa na genge la wahalifu.

Nao hawakutaka fedha tu. Wakamwambia kwamba yuko mzee mmoja Mchina, mpokeaji wa fedha za kamari. Akimwua, deni litafutwa. Cosmo akakataa. Wakampiga. Mwishowe akakubali. Wakampa bastola na gari, wakamweleza njia, wakamwambia anunue nyama ya kuwatuliza mbwa wa mlinzi. Neno moja hawakumwambia kweli: yule mzee hakuwa mtu mdogo, bali alikuwa mkubwa wa wahalifu wa Kichina katika pwani ile, mwenye walinzi wake. Wala wao hawakutazamia kwamba Cosmo atarudi hai.

Akaenda, akaua, naye akapigwa risasi ubavuni. Akaponyoka gizani. Wale waliomtuma, walipoona amerudi, wakatafuta kumwua. Hapo pia akawashinda. Lakini risasi ilikuwa imo mwilini mwake. Akarudi klabuni, akawatuliza wachezaji waliokuwa wakigombana chumbani mwao, akapanda jukwaani kuwasalimu wageni, kisha akatoka nje, akasimama mlangoni, akaitazama damu yake kwenye vidole. Hatuonyeshwi kama alikufa au alipona. Mchezo wa sinema unakwisha, na ndani ya klabu wimbo unaendelea.

2. Alianguka saa ipi?

Mkiwauliza watu, Cosmo alianguka lini, wengi watajibu: alipochukua bastola. Mimi nasema sivyo. Ile ilikuwa hatua ya mwisho. Tazameni tena siku ya furaha.

Deni la kwanza alilikopa kwa ajili ya kazi. Alilipa kidogo kidogo, kwa jasho, mpaka likaisha. Mtu wa namna hii hawezi kuitwa mvivu wala mpumbavu. Lakini deni la pili alilifanya kwa usiku mmoja, tena bila kupata kitu hata kimoja. Mtu ni yule yule. Imekuwaje?

Imekuwa hivi: deni lilikwisha, lakini mkopaji alibaki. Kile kilichomfanya atamani klabu, yaani hamu ya kuonekana mkubwa mbele ya watu, hakikulipwa pamoja na fedha. Kilingoja siku yake. Motakaa ile haikuwa ya lazima, maua hayakuwa ya lazima, wala kamari haikuwa ya lazima. Vyote vilikuwa vya kuonyesha kwamba yeye sasa ni bwana. Na alipoanza kupoteza, angeweza kuinuka mezani na kusema, Nimeshindwa, naenda nyumbani. Lakini wasichana watatu walikuwa wakimtazama. Mtu aliyekuja kuonekana mkubwa ataonaje kuinuka akiwa mdogo? Akaketi. Kuketi kule ndiko kulikomponza.

Wasomaji wetu wanamkumbuka yule tajiri wa mfano katika Luka sura ya 12, aliyepanga kujenga ghala kubwa zaidi, na usiku ule ule roho yake ikatakwa. Shamba lake lilizaa kweli, wala hakumwibia mtu. Kosa lake ni kwamba alidhani amefika. Cosmo naye siku ya kulipa deni alidhani amefika.

3. Anayekudai fedha

Jambo la pili la kujifunza ni hili: mwenye kukudai fedha aweza siku moja kukudai kitu kingine. Mort alipomwalika Cosmo, alikuwa mwenye kucheka na adabu. Alipompa karatasi za kutia sahihi, alikuwa bado na adabu. Kila karatasi ilionekana kuwa ndogo. Lakini mtu akishatia sahihi kwa haraka ili aibu imwondokee, amempa mwenzake kamba. Na ncha ya kamba ile imefungwa shingoni mwake mwenyewe.

Angalieni pia uwongo wao. Hawakumwambia, Nenda ukafe. Walimwambia, Ni kazi ndogo, ya usiku mmoja, kisha utakuwa huru. Uhuru ndilo neno aliloshikwa nalo, maana ndilo alilolitamani kupita yote. Mshawishi hamwendei mtu kwa kitu asichokipenda. Humjia kwa kitu kile kile alichokipenda, akakigeuza kuwa mtego.

4. Simu ya usiku

Katika mchezo huu wote liko jambo moja lililonigusa zaidi. Cosmo akiwa njiani kwenda kuua, gurudumu la gari alilopewa likapasuka katika barabara kuu. Akaliacha, akatafuta simu ili aite teksi. Na akiwa pale kwenye simu, akapiga tena, mara hii klabuni kwake. Akauliza: jukwaani sasa wanacheza mchezo gani? Aliyepokea hakuweza kumjibu sawasawa, na Cosmo akasikitika kwamba mtu aliyefanya kazi pale kwa miaka hata leo haijui michezo yao.

Fikirini, ndugu. Mfukoni mwake mna bastola. Saa chache zijazo atakuwa mwuaji. Naye anataka kujua kama kazi ya klabu inakwenda kwa utaratibu.

Kwanza twamhurumia, kwa maana twaona kwamba aliipenda kazi yake kweli. Lakini tukikaa kidogo twaogopa. Maana hapa twaona jinsi mtu anavyoweza kujificha ndani ya kazi njema ili asiyaone maovu anayoyaendea. Haulizi, Nifanye au nisifanye? Anauliza habari za wimbo. Na mwisho wa mchezo ni vivyo hivyo: damu inamtoka, naye hamwiti daktari, anawatuliza wachezaji, anawapa moyo, anatoka mbele ya wageni akitabasamu. Bidii yake haikupungua hata kidogo. Lakini bidii haifuti hatia, wala haizibi jeraha.

Na ile klabu aliyoiuzia nafsi yake? Haikusimama hata dakika moja kwa ajili yake. Wageni walicheka, wimbo uliimbwa. Hakuna aliyejua kwamba mwenye nyumba yuko nje mlangoni na damu mkononi.

5. Mtunzi wa mchezo

Yafaa tumjue pia aliyeutunga mchezo huu na kuuongoza. Jina lake ni John Cassavetes, mwana wa wazazi wenye asili ya Kigiriki, aliyezaliwa New York mwaka 1929, akafa mwaka 1989. Yeye naye alitamani kuwa bwana wa kazi yake, asiamriwe na makampuni makubwa ya sinema. Kwa hiyo aliigiza katika michezo ya watu wengine, kama The Dirty Dozen wa mwaka 1967, na mshahara wake akautumia kutengenezea michezo yake mwenyewe.

Mchezo huu wa mwenye klabu ulipotoka mwaka 1976, ulikuwa wa dakika 135, na watu hawakuupenda. Ukaondolewa upesi katika nyumba za sinema. Cassavetes akaukata upya, akautoa tena mwaka 1978 ukiwa wa dakika 108. Basi alijua mwenyewe uchungu wa kujenga kitu na kuona viti vitupu. Lakini tazameni tofauti ya watu hawa wawili. Mmoja aligharimia hamu yake kwa jasho lake mwenyewe, na kazi yake iliposhindwa aliichukua akaitengeneza tena. Wa pili alikubali kulipa kwa damu ya mtu asiyemjua. Hamu ya kujenga kitu ilikuwa moja. Bei waliyokubali kuitoa haikuwa moja. Kwa hiyo hatusemi kwamba kutamani kazi kubwa ni dhambi. Twauliza tu, Nani atailipa?

6. Neno letu

Labda mtu atasema, Sisi hatuna klabu za usiku, wala hatuchezi kamari. Ni kweli. Lakini yuko aliyemaliza kulipa deni la nyumba ya bati, na juma lile lile akakopa tena ili afanye karamu itakayosemwa kijiji kizima. Yuko aliyeogopa kuinuka katika shauri baya kwa sababu watu walikuwa wakimtazama. Yuko mwalimu wa kwaya, au mzee wa kanisa, au mfanya biashara, ambaye nyumbani kwake mna neno zito lisilosemwa, naye kila siku huwahi kazini kabla ya wote na kutoka baada ya wote, ili asipate nafasi ya kulisema. Watu humsifu kwa bidii yake. Yeye peke yake anajua kwamba damu inatoka.

Kwa mtu huyo neno letu ni fupi. Inuka mezani mapema, hata kama watu wanakutazama. Aibu ya kuinuka ni ya jioni moja. Na kama umekwisha jeruhiwa, usirudi jukwaani kwanza, mwambie mtu.

Maswali ya kufikiri pamoja

1. Deni la kwanza la Cosmo na deni la pili zilitofautianaje? Je, twaweza kuzitambua tofauti hizi katika madeni yetu?

2. Siku ile ya furaha, ni saa ipi ambayo angeweza kurudi nyumbani bila hasara? Ni kitu gani kilichomzuia?

3. Kwa nini wadai wake walitumia neno la uhuru walipomtaka aue?

4. Mtu awezaje kujua kama kazi yake ni utumishi, au ni maficho?

5. Tukimwona mwenzetu ana bidii isiyo na pumziko, tumwulize nini, na kwa namna gani, ili asione aibu kutujibu?

Katekista atakayelitumia somo hili asiwe na haraka katika swali la nne. Aanze kwa kujijibu mwenyewe kimoyomoyo, kisha ndipo awaulize wengine.