Majina ya Kawaida katika Kiingereza

Kila muhula nisahihishapo madaftari yenu ya Kiingereza naliona kosa moja likirudi. Limo katika daftari la Kidato cha Kwanza, na katika la Kidato cha Nne limo pia. Ni kosa la kutumia vibaya majina ya kawaida, ambayo vitabu vya siku hizi huyaita nomino za kawaida. Siwacheki, maana kosa hilo nalijua kwa gharama yake. Hebu niwasimulie kwanza, kisha tuingie katika somo.

Nilipokuwa Kidato cha Pili, mjomba wangu alikuwa fundi cherehani karibu na Korogwe. Pasi yake ya makaa ilitoboka wiki chache kabla ya shule kufunguliwa, na wazazi walikuwa wamekwisha mletea vitambaa vya sare. Akaniita, akasema, “Mpwa wangu, wewe unasoma shule ya serikali. Niandikie barua kwa mwenye duka kule Tanga, aniletee pasi. Iandike kwa Kiingereza. Barua ya Kiingereza hailali mezani.”

Nikaandika kwa majivuno: “Please send iron for my uncle. It must be heavy and of good quality.” Barua na fedha tukampa kondakta wa basi. Siku ya tatu likaja furushi la gunia, na ndani yake kipande cha chuma, urefu wa mkono, kizito kweli kweli. Mwenye duka hakutudhulumu. Alisoma nilichoandika. “Iron” peke yake ni chuma. “An iron” ndiyo pasi. Nilikuwa nimeacha herufi mbili tu. Mjomba akawa anaazima pasi ya jirani usiku, mwenyewe akiisha lala, na hata hivyo wateja wawili walichukua vitambaa vyao wakaenda kwa fundi mwingine.

Basi, jina la kawaida ni nini? Ni jina linalofaa kila kitu cha aina moja. “River” ni mto wo wote. Pangani ni mto mmoja tu, nalo ni jina la pekee. Jina la pekee huanza kwa herufi kubwa po pote lilipo. Jina la kawaida huanza kwa herufi ndogo, isipokuwa likifungua sentensi. Kwa hiyo msiandike “my Father is a Farmer”. Baba apewe heshima yake, lakini si kwa njia hiyo.

Hilo ni jepesi. Taabu yetu inatoka mahali pengine. Katika Kiswahili twasema “Nina kalamu”, na sentensi imekamilika. Kalamu ni moja au ni kumi, ni ile unayoijua au ni yo yote, neno halibadiliki. Kiingereza hakikubali hivyo. “I have pen” ni kosa, kwa sababu jina la kitu kimoja kinachohesabika haliwezi kusimama peke yake. Hapana budi liwe na neno la kulitangulia. Kwa hiyo, kabla ya kuandika jina la kawaida, jiulizeni maswali matatu.

Swali la kwanza: Je, kitu hiki kinahesabika kwa Kiingereza? Angalieni, nasema kwa Kiingereza. Sisi twahesabu mizigo miwili na mikate mitatu, na twasema “maziwa yamemwagika” kana kwamba maziwa ni mengi. Mwingereza hahesabu vitu hivyo. Kwake “luggage”, “bread”, “milk”, “furniture”, “advice”, “information”, “homework” na “chalk” havina wingi wala havipokei “a”. Hata “news”, ingawa ina “s” mwishoni, hufuatwa na “is”. Akitaka kuhesabu hutaja kipimo: “a piece of chalk”, “two loaves of bread”, “a bar of soap”. Nasi tunayo desturi hiyo tusemapo bilauri ya maji au mche wa sabuni.

Yako pia majina yanayobadili maana. “Glass” ni kioo, “a glass” ni bilauri. “Paper” ni karatasi, “a paper” ni gazeti au mtihani. “Chicken” ni nyama ya kuku, “a chicken” ni kuku mzima mwenye manyoya yake. Na “iron” mmekwisha isikia habari yake.

Swali la pili: Je, ni kimoja au ni vingi? Kiswahili huonyesha wingi kichwani mwa neno: mtoto, watoto. Kiingereza huuonyesha mkiani: “book”, “books”. Machache yana njia yake, kama “child” na “children”, “foot” na “feet”. Hayo ni ya kukariri. Kikiwa kimoja, tieni “a”, au “an” mbele ya sauti ya irabu. Sikilizeni sauti, msitazame herufi: twasema “an hour”, lakini “a uniform”. Neno “an” asili yake ni “moja”, basi msilitie mbele ya vitu vingi.

Swali la tatu: Je, msomaji anakijua kitu hicho? Hapa wengi hukata tamaa, na kumbe jambo lenyewe tunalo tangu utotoni. Bibi akisimulia hadithi husema, “Palikuwa na sultani. Sultani yule alikuwa na binti.” Mara ya kwanza hatumjui; mara ya pili ni “yule”. Ndivyo ilivyo katika Kiingereza: “There was a king. The king had a daughter.” Kisichojulikana hupewa “a”, kinachojulikana hupewa “the”. Na ukisema juu ya aina nzima ya vitu vinavyohesabika, weka wingi bila kitu mbele: “Goats eat grass.”

Mjomba hakunigombeza. Chuma kile alikifanya kizuizi cha mlango wa chumba chake cha kushonea, na kingalipo. Kila niendapo kumwamkia hunionyesha kwa kidole na kuniuliza, “Mpwa wangu, hiki nacho chaitwaje?” Nami humjibu, “The iron, Mjomba, kwa kuwa sote wawili twakijua.”

ZOEZI. Sahihisha sentensi hizi kabla ya kutazama majibu.

1. My father is farmer.
2. The headmaster gave us many advices.
3. I saw a goat in the garden. A goat was eating our maize.
4. The milk are sour.
5. Please buy two breads and a soap.

MAJIBU.

1. My father is a farmer.
2. The headmaster gave us a lot of advice.
3. I saw a goat in the garden. The goat was eating our maize.
4. The milk is sour.
5. Please buy two loaves of bread and a bar of soap.

Aliyekosa matatu au zaidi asione haya. Na asome tena maswali yale matatu, kisha aje kwangu na daftari lake.