Mikono ya dereva na usukani: maswali na majibu

Mikono ishike wapi?

Nafasi za mikono kwenye ukingo wa usukani huelezwa kwa namba za uso wa saa ya ukutani: 12 iko juu kabisa, 6 iko chini. Kwa miongo mingi wanafunzi wa udereva walifundishwa kuweka mkono wa kushoto penye 10 na wa kulia penye 2. Mafunzo hayo yalikuwa na msingi. Gari la zamani halikuwa na pawa stelingi. Usukani wake ulikuwa mpana na mzito, na dereva alilazimika kuuvuta kwa nguvu za mabega. Mhandisi Mmarekani Francis Davis alibuni mtambo wa kupunguza uzito huo katika miaka ya 1920, lakini wanunuzi wa kawaida waliupata mwaka 1951 tu, kampuni ya Chrysler ilipouweka kwenye gari lake la Imperial. Tangu pawa stelingi ienee, nguvu za mabega hazihitajiki tena.

Jambo la pili lililobadilisha mafunzo ni mfuko wa hewa, ambao mafundi huuita eabegi. Mfuko wa dereva hukaa katika kitovu cha usukani, na gari likigonga hujaa katika muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Mkono ulio juu ya usukani au uliopita mbele ya kitovu hurushwa kwa nguvu usoni. Ndiyo maana mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani na walimu wengi wa udereva leo hushauri mkono wa kushoto ukae penye 9 na wa kulia penye 3. Hapo mikono iko pembeni mwa njia ya mfuko, na uzito wake umelingana pande zote mbili.

Nafasi ya 9 na 3 ina faida nyingine ambayo haitajwi sana. Dereva anaweza kuzungusha usukani karibu nusu mzunguko bila kuachia mkono wowote, na wakati wote anajua magurudumu ya mbele yameelekea wapi. Katika barabara kuu hakuna kona inayohitaji mzunguko mkubwa kuliko huo. Wapo wanaopenda 8 na 4 kwa kuwa mabega hupumzika safari ikiwa ndefu. Inafaa kwa mwendo wa utulivu, ila uwezo wa kukwepa kitu kwa ghafla hupungua.

Kiti kinahusikaje?

Kinahusika kuliko wengi wanavyodhani. Dereva aegemeze mgongo wote kitini, anyooshe mkono mmoja juu ya usukani: kifundo cha mkono kikitua penye 12 bila bega kuacha kiti, umbali ni sawa. Akirudisha mikono penye 9 na 3, viwiko vitakuwa vimekunjika kidogo. Kati ya kifua na kitovu cha usukani kubaki sentimita 25 au zaidi, kwa ajili ya mfuko wa hewa. Dereva aliyelaza kiti nyuma hadi mikono ikanyooka hukata kona kwa kujivuta na usukani, na anayejivuta na usukani hawezi kuupima.

Ni njia zipi za kuzungusha usukani?

Zipo tatu, na kila moja ina mahali pake.

Ya kwanza ni kutohamisha mikono. Dereva anabaki penye 9 na 3 na kugeuza usukani kwa mikono yote miwili. Hii ndiyo njia ya barabara kuu: kona pana, kubadilisha leni, kupita gari jingine.

Ya pili ni kuvuta na kusukuma. Iliendelezwa sana katika mafunzo ya polisi wa Uingereza, na kitabu chao cha udereva, Roadcraft, kilichotoka mwaka 1955, kiliisambaza kote walikofuata mtindo wa Waingereza. Tuchukue gari linalokata kushoto kutoka barabara ya mtaa. Mkono wa kushoto hupanda hadi karibu na 12, hushika, kisha huvuta usukani kushuka. Wakati huohuo mkono wa kulia hulegea na kuteleza kwenye ukingo kushuka nao, sambamba. Mikono ikikaribiana chini, wa kulia hushika na kusukuma usukani kupanda, huku wa kushoto ukiteleza kurudi juu kujiandaa kuvuta tena. Hakuna mkono unaovuka 12 wala 6, na hakuna wakati usukani unabaki bila mshikaji. Kukata kulia ni hivyohivyo kwa mikono kubadilishana kazi. Madereva wa mabasi na malori, ambao usukani wao ni mpana, umelala, na huzunguka mara nyingi kuliko wa gari dogo kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, huifanya siku nzima bila kuifikiria.

Ya tatu ni kupishanisha mikono: mmoja unasukuma kuvuka juu, mwingine unaruka juu yake na kushika upande wa pili. Ni ya haraka kuliko zote. Hufaa wakati wa kuegesha, kugeuza gari mahali padogo, au gari linapoanza kuteleza na magurudumu yanapaswa kurudishwa mara moja. Kasoro yake ni kwamba kwa kitambo mikono hukingama mbele ya mfuko wa hewa.

Kwa hiyo kupishanisha mikono ni kosa?

Kwenyewe si kosa. Walimu wengi huikataza njia hii kabisa, na kwa mwanafunzi wa wiki ya kwanza katazo hilo lina maana, kwa sababu anayeanza hujifunga mikono katikati ya kona. Lakini hata Uingereza, kulikotoka njia ya kuvuta na kusukuma, mtahini hamwangushi mtu kwa sababu tu mikono imepishana. Anaangalia kama gari limefuata njia iliyokusudiwa. Kipimo cha haki ni kimoja: kutoka pale mikono ilipo sasa, dereva anaweza kufanya tendo linalofuata bila kutafuta pa kushika?

Usukani unajirudisha wenyewe baada ya kona. Kuna haja ya kuushika?

Magurudumu ya mbele yamefungwa kwa pembe inayoyafanya yapende kunyooka gari likitembea, na ndiyo sababu ya usukani kujirudisha. Dereva mzuri huutumia mwelekeo huo, ila haachii. Huulegeza uteleze katikati ya viganja, tayari kuubana. Anayeuacha uzunguke wenyewe huku mikono iko hewani hana gari kwa kitambo hicho, na gurudumu likikuta shimo usukani utakwenda utakako.

Ni mazoea gani ya madereva yanayoleta hatari?

Lililoenea zaidi ni kuendesha kwa mkono mmoja. Katika nchi zinazoendesha kushoto, kama Tanzania, Kenya na Uganda, kiwiko cha kulia hutoka dirishani na mkono wa kushoto hulala juu ya gia. Mkono uliolala juu ya gia husukuma vipuri vya ndani ya giaboksi ambavyo havikutengenezwa kubeba uzito wa kudumu, na mbaya zaidi, hauko pale unapohitajika. Basi linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 katika sekunde moja. Muda wa kuutoa mkono kwenye gia au kwenye simu na kuurudisha penye 9 hugharimu mita kadhaa ambazo mtoto anayevuka hana.

Wengine hushika usukani kwa ndani, kiganja kikiwa juu, hasa wakati wa kukata kona. Usukani ukirudi kwa nguvu, kifundo cha mkono hunaswa. Wengine huuzungusha kwa kiganja kilichofunguliwa, kama anayefuta meza. Katika maegesho, mwendo ukiwa wa kutambaa, hilo halina tatizo. Kwenye kipilefti chenye magari linaanza kuwa tatizo.

Kwenye barabara ya vumbi yenye makorongo, kosa ni kukumbatia usukani kwa vidole gumba. Jiwe likiligonga gurudumu la mbele, mshtuko hupanda hadi usukani ukazunguka ghafla, na spoki zake hupiga kidole kilicho ndani. Magari yenye pawa hupunguza mshtuko huo bila kuumaliza. Dereva mzoefu wa Land Rover za zamani huweka vidole gumba juu ya ukingo, vikielekea juu, na hushika kwa uthabiti bila kukaza.

Zoea jingine ni kukata usukani gari likiwa limesimama. Huchubua tairi na kuzilemea tairodi, yaani fito zinazogeuza magurudumu, pamoja na pawa. Gari likisogea hata kidogo tu, uzito hupungua sana. Kuushikilia usukani mwishoni kabisa hadi pampu ya pawa ianze kulia nako kufupishwe kadiri iwezekanavyo.

Baya kuliko yote ni kuteremka mlima nyutro, au injini ikiwa imezimwa, kwa kuokoa mafuta. Nyutro humnyima dereva msaada wa injini katika kupunguza mwendo, na breki hupata moto hadi zikakataa. Salgaa, kwenye barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, ilijulikana kwa ajali za malori yaliyoteremka hivyo. Injini ikizimwa, pawa nayo huondoka na usukani huwa mzito mikononi. Ufunguo ukichomolewa, usukani hujifunga.

Mikono ifanye nini tairi likipasuka au likitoka nje ya lami?

Tairi la mbele likipasuka, gari huvutwa upande wa tairi hilo. Likiwa la kulia, kwa anayeendesha kushoto maana yake ni kuelekea magari yanayokuja. Mikono yote miwili ibane usukani na kulishikilia gari linyooke, mguu uachie mafuta taratibu, breki isikanyagwe kwa nguvu hadi mwendo upungue.

Kutoka nje ya lami ni hatari ya kila siku katika barabara zetu, ambako ukingo wa lami huliwa na mvua ukabaki ngazi. Tairi za kushoto zikidondoka, dereva aliyeshtuka huvuta usukani kulia. Tairi husugua ukuta wa lami, hukataa kupanda, naye huongeza kuvuta. Kisha hupanda kwa ghafla, magurudumu yakiwa yamekatwa sana, na gari huruka hadi upande wa pili au hupinduka. Nusu ya tiba ni kutofanya kitu: usukani unyooke, mafuta yaachiwe, gari litembee na tairi mbili nje hadi mwendo uwe mdogo. Hapo, kama upande wa pili ni salama, usukani ukatwe kidogo na gari lipande lenyewe.

Mikono inaweza kumwambia dereva nini kuhusu gari?

Mengi, ikiwa haikukaza. Usukani unaotetemeka kuanzia kilomita 80 hadi 100 kwa saa mara nyingi hudai magurudumu yafanyiwe balansi. Ukitetemeka pale tu breki inapokanyagwa, diski za mbele zikaguliwe. Gari linalovuta upande mmoja lianze kupimwa upepo wa tairi, kisha alaimenti. Usukani wenye mchezo, unaozunguka kidogo kabla magurudumu hayajajibu, una tairodi au kiungo kingine kilicholika, na gari la namna hiyo lifike kwa fundi kabla ya kufika barabara kuu.