Laptopu ya safari: piga hesabu kabla ya kuuliza bei

Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa mfanyabiashara wa leo anayepanda basi kutoka Dar es Salaam kwenda Tunduma, au ndege kwenda Dubai na Guangzhou kufuata bidhaa, daftari hilo limehamia ndani ya kompyuta mpakato, ambayo wengi huiita laptopu. Humo mna orodha ya mzigo, ankara, hesabu za wadeni na barua za wauzaji wa nje. Hivyo basi, kukosea kuichagua ni kukosea mtaji.

Makosa yanayofanyika ni ya aina mbili. Wapo wanaonunua mashine kubwa na ya bei mbaya, yenye nguvu ya kutengenezea filamu, wakati kazi yao ni kuandika ankara. Wapo pia wanaokimbilia ya bei ya chini kuliko zote, kisha baada ya miezi michache wanarudi dukani. Katika hali zote mbili fedha inayopotea ni ile ambayo ingeongeza mzigo dukani.

Kazi ndiyo inayopanga

Kwa kazi za kawaida, yaani barua pepe, majedwali ya hesabu, huduma za benki kwa intaneti na mazungumzo ya video, hakuna haja ya mashine ya kifahari. Inatosha iwe na RAM ya GB 8, hifadhi ya aina ya SSD isiyopungua GB 256, na kioo cha inchi 13 au 14. Uzito usizidi kilo 1.6 au karibu na hapo, kwani mzigo mwepesi asubuhi huwa mzito jioni.

Aidha, mnunuzi ajihadhari na laptopu mpya za bei ndogo zenye RAM ya GB 4 na hifadhi ya eMMC ya GB 64. Zinang'aa na zina waranti, lakini kwa kawaida hifadhi hiyo imeunganishwa moja kwa moja kwenye bodi na haibadilishwi. Ni kweli kwamba kiwango cha chini cha Windows 11 ni RAM ya GB 4 na hifadhi ya GB 64, ila kiwango cha kuwaka si kiwango cha kufanyia kazi. Masasisho machache tu hujaza nafasi yote.

Kizazi cha prosesa

Mtego mkubwa katika soko la mitumba uko hapa. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10. Waliojiandikisha walipewa nyongeza ya masasisho ya usalama hadi Oktoba 2026. Windows 11 nayo inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa prosesa za Intel, kwa kawaida kizazi cha 8 au zaidi. Kwa maneno mengine, mashine nyingi za kizazi cha 6 na cha 7, ambazo bado zinawaka vizuri, zimeachwa nje. Kwa mtu anayefungua akaunti ya benki kupitia mashine hiyo, jambo hili si dogo.

Kukitambua kizazi hakuhitaji fundi. Soma namba iliyo baada ya alama ya i5 au i7. Prosesa ya i5-7200U ni ya kizazi cha 7. I5-8250U ni ya cha 8. Kuanzia kizazi cha 10 husomwa tarakimu mbili za mwanzo: i5-10210U ni cha 10 na i5-1135G7 ni cha 11. Tofauti kati ya mbili za kwanza si ya usalama tu, kwani i5-7200U ina viini 2 na i5-8250U ina 4.

Miongoni mwa mitumba ya maofisini yenye inchi 14 ni Lenovo ThinkPad T480, HP EliteBook 840 G5 na Dell Latitude 7490, zote za mwaka 2018. RAM na hifadhi zake hubadilishwa, tofauti na ThinkPad X280 ambayo RAM yake imeunganishwa kwenye bodi. Hata hivyo, mnunuzi asiridhike na jina la nje, kwa sababu modeli moja huweza kutoka kiwandani na prosesa za vizazi viwili. Afungue mashine na kuisoma namba kwa macho yake.

Betri ndiyo safari

Muuzaji atasema betri inakaa saa sita. Badala ya kubishana, mnunuzi aombe kuandika amri ya powercfg /batteryreport kwenye dirisha la amri la Windows. Ripoti itaonyesha uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa sasa. Tuseme kiwandani ilikuwa Wh 48 na sasa ni Wh 29. Imebaki asilimia 60. Ikiwa kazi nyepesi inakula wati 8, betri mpya ingedumu saa 6, lakini hii itazima baada ya saa 3 na dakika 37. Hiyo ndiyo hoja ya kuomba punguzo.

Mashine inayochajiwa kwa USB-C ina faida kwa msafiri, maana chaja moja huhudumia pia simu. Msafiri akitaka benki ya umeme, ahakikishe inatoa wati zinazotakiwa na laptopu, mara nyingi 45 au 65. Kwa wanaopanda ndege, betri ya hadi Wh 100 inaruhusiwa kwa kawaida, na ya akiba hubebwa kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye mizigo ya chini. Benki ya umeme ya mAh 20,000 ni takriban Wh 74.

Kufuli zisizoonekana

Mashine nyingi za mtumba zilikuwa mali ya makampuni. Baadhi hubaki na nywila ya BIOS, au huwa zimesajiliwa kwa taasisi ya awali. Mnunuzi akiiunganisha na intaneti na kuianza upya, inamdai akaunti ya mwajiri asiyemjua. Dawa yake ni kuifuta na kuisimika upya palepale dukani, ikiwa imeunganishwa na mtandao, kabla fedha haijatoka mfukoni. Muuzaji akikataa, hilo ni jibu tosha.

Pia risiti idaiwe, na kwa Tanzania iwe ya EFD. Bila risiti hakuna madai ya waranti, hakuna kumbukumbu ya matumizi ya biashara, na ikigundulika kuwa mashine iliibwa, mwenye kuulizwa ni aliyekutwa nayo.

Hesabu ya mwaka

Chukua mfano wa mfanyabiashara mwenye machaguo matatu. Bei hizi ni za kufundishia tu. Ya kwanza ni mtumba wa kizazi cha 7 kwa shilingi 450,000, ukiongeza betri ya 120,000 inakuwa 570,000. Kwa kuwa haina masasisho, tuseme ataiacha baada ya mwaka mmoja. Gharama ni 570,000 kwa mwaka.

Ya pili ni mpya yenye RAM ya GB 4 kwa 750,000. Ikimvumilia miaka miwili, gharama ni 375,000 kwa mwaka.

Ya tatu ni mtumba wa kizazi cha 8 kwa 650,000, na betri 120,000, jumla 770,000. Ikihudumu miaka mitatu, gharama ni takriban 257,000 kwa mwaka. Iliyoonekana rahisi mlangoni imegeuka kuwa ghali kuliko zote.

Mwenye mashine ya kizazi cha 7 tayari asiitupe. Anaweza kusimika Linux, kwa mfano Ubuntu, ambayo hailipiwi. Ila ahakikishe kwanza kuwa programu yake ya hesabu inafanya kazi humo.

Mwisho, tangu miezi ya mwisho ya 2025 bei ya chipu za RAM ilipanda sana duniani, baada ya viwanda kuelekeza uzalishaji kwenye mitambo ya akili bandia. Kwa hiyo mpango wa kununua yenye GB 4 na kuongeza baadaye upigiwe hesabu upya. Mara nyingi ni nafuu kutafuta ambayo tayari ina GB 8.

Mfanyabiashara anayekwenda sokoni wiki hii aandike mambo matano kwenye karatasi: kizazi, RAM, ripoti ya betri, kufuli na risiti. Bei iwe la sita.