Kwa Nini Programu za Kompyuta Huchelewa Kufunguka
Unabofya Slack au Discord, kimya. Unabofya tena, na dirisha linajitokeza wakati umeshaanza kushuku kipanya.

Programu hizo mbili zimejengwa kwa Electron, mfumo ambao GitHub waliuanzisha mwaka 2013 kwa ajili ya kihariri chao cha Atom. Kila programu ya Electron huja na kivinjari chake kizima, Chromium, ambacho ndicho msingi wa Chrome. Kwa hiyo kabla hujaona ujumbe hata mmoja, kivinjari hicho lazima kiwashwe, msimbo wa JavaScript usomwe na kutafsiriwa kwa lugha ya prosesa, kisha seva iulizwe wewe ni nani na una ujumbe gani. Ukifungua programu mbili za namna hii, umewasha vivinjari viwili, haviazimani kitu.

Kampuni hupenda mfumo huu kwa kuwa msimbo uleule hutumika kwenye Windows, macOS na Linux. Nafuu ni yao, kungoja ni kwako. Hata hivyo uzembe wa waandishi nao huchangia: kihariri cha Visual Studio Code ni cha Electron pia, lakini hakipakii viongezi vyote kwa mpigo, na hufunguka upesi.

Jaribu hivi. Washa kompyuta, fungua programu, ifunge kabisa, uifungue tena. Ikiwa mara ya pili ni haraka zaidi, yaelekea tatizo ni diski: faili sasa zinasomwa kutoka kwenye RAM. Diski ya kuzunguka huchukua takribani milisekunde 10 kila inapotafuta faili sehemu nyingine, SSD, diski isiyozunguka, haifiki hata milisekunde moja, na faili za kutafutwa ni nyingi. Hapo, ikiwa diski yako ni ya kuzunguka, nunua SSD kabla ya kufikiria kompyuta mpya. Ikiwa mara zote mbili ni taratibu, chunguza RAM iliyojaa, prosesa dhaifu, au programu ya kuzuia virusi inayokagua kila faili.

Kuna programu zinazojiwasha pamoja na kompyuta ili zionekane nyepesi. Zimehamisha tu foleni. Kwenye Windows bonyeza Ctrl, Shift na Esc, tafuta orodha ya zinazojiwasha, uzizime usizozihitaji asubuhi. Na kama kivinjari chako hakifungwi kutwa, tumia Slack humohumo.